Splinti ya Jumapili na Splinti ya Shamba

Splinti, lile gamba la kushikilia kifundo cha mkono, ikirudi kliniki ikiwa safi, vijana wangu, kasirikeni. Msitabasamu, msimsifu mgonjwa, msiandike kwamba anafuata maagizo vizuri. Kasirikeni kwanza, halafu muulize maswali. Splinti inayovaliwa na mwanamke wa huku kwetu haiwezi kuwa safi. Inapika, inapalilia, inakama mbuzi, inaokota kuni. Ikiwa inang'aa, basi ilikuwa imelala sandukuni, na mkono ulikuwa ukiharibika peke yake.

Naitwa Kalekye. Nimestaafu, niko kwangu na kuku wangu, lakini miaka mingi nilikuwa mtu wa kurekebisha mikono katika hospitali za Kitui na baadaye Makueni. Cheti changu kina jina refu la Kiingereza ambalo sijawahi kumsikia mgonjwa akilimaliza. Wao waliniita Mama Mikono, au daktari. Nilipowaambia mimi si daktari walinijibu, "Sawa, daktari." Juzi msichana mmoja wa chuo alikuja hapa akaniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi yale ambayo hayako vitabuni. Nikamwambia mengi yako vitabuni, ni vile tu hamsomi. Lakini haya ya Nduku kweli hayako.

Nduku ni mama wa upande wa Tawa. Nilipompata, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshakwenda. Uliobaki ni wa kulia. Nilichotaka mimi ni huo mkono mmoja ubaki mzima, na karibu kila mtu, mwenye mkono akiwa wa kwanza, alikuwa anafanya bidii ya kuumaliza.

Mjue adui kwanza. Kwa Kiswahili tunauita ugonjwa huu baridi yabisi, na sijui ni nani aliyetupa jina hilo, ila ningempata ningekuwa na maneno naye. Mtu akisikia baridi ananunua sweta. Nimewapokea wanawake kutoka kijiji cha Tulia, kwenye jua la saa saba, wakiwa na glavu za sufu, wakiniambia wameanza kujikinga. Baridi haihusiki. Ni kinga ya mwili yenyewe imechanganyikiwa, inashambulia utando ulio ndani ya viungo, na inapenda sana vifundo vya mikono na vidole. Wanawake ndio inaowapata zaidi. Mtu anaamka asubuhi mikono imekaza, hawezi kufunga kifungo, na anakaa hivyo mpaka jua limepanda. Halafu anaambiwa ni uzee. Ana miaka thelathini na kitu, ananyonyesha, na anaambiwa ni uzee!

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja mkimya sana, Bwana Kasyoka, na alikuwa na tabia iliyowaudhi watu wote wa hospitali. Hakuwapa wagonjwa mkono. Mama anaingia, ananyoosha mkono kwa heshima zote, na Kasyoka anaweka mikono yake nyuma na kumwambia karibu uketi. Wagonjwa walisema ana maringo. Mimi pia nilifikiri ana maringo, mpaka siku aliponikuta nikimsalimia mama mmoja kwa bidii, kama nilivyolelewa.

"Umeona nini?" akaniuliza baadaye.

"Hajambo, anatabasamu."

"Umemminya mkono, na yeye ana adabu. Angetabasamu hata ungemkanyaga. Mwangalie anavyofungua mlango. Mwangalie anavyobeba kiondo. Mkono wake utausalimia ukishaujua."

Kwa hiyo Nduku alipokuja, mikono yangu ilikuwa nyuma. Alisukuma mlango kwa kiuno. Kiondo kilikuwa kimening'inia kwenye kiwiko, si kwenye vidole. Kabla hajaketi nilikuwa nimeshajua. Nyuma yake aliingia mume wake, Mutua, mtu mrefu wa maneno machache, akasimama karibu na ukuta na kofia mkononi.

Nilimwambia Nduku aweke mikono juu ya meza na anyooshe vidole. Wa kushoto, kidole cha mwisho na kile cha kando yake vilibaki vimelala. Havikuwa vimevunjika, havikuwa vimevimba sana, vilikuwa tu vimelala na havisikii amri.

"Vilianza lini hivi?"

"Nilikuwa nafunga kitambaa cha kichwa nikienda church. Nikasikia ka-kitu kamekatika hapa nyuma, ta! Haikuuma hata. Kuangalia, vidole vimeanguka."

"Ukafanya nini?"

"Si nilimalizia kufunga na ule mwingine, nikaenda church."

Hapo ndipo mnatakiwa kunielewa mkinisikia nalalamika. Kilichokatika ni kano, ile kamba inayoinua kidole. Ugonjwa ukikaa muda mrefu kwenye kifundo, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho unalegea na kuinuka, na kano zinapita juu yake zikisuguliwa kila siku mpaka zinakatika moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo kifundo kilimuuma miaka. Aliambiwa ni baridi. Aliambiwa ni kastroke kadogo. Dukani akauziwa vidonge vidogo visivyo na jina, vikapunguza maumivu na kumvimbisha mashavu, na watu wakampongeza.

"Walikuwa wananiambia nimenona," alisema. "Hata mimi nikafurahi."

Nilitoka nje kidogo nikapumua, maana ningemtukana mtu ambaye hakuwa hapo.

Niliporudi nilishika mkono wa kulia. Ule mfupa ulikuwa umeanza kuinuka. Ukiubonyeza unashuka, ukiuachilia unapanda, kama kitufe cha kinanda cha kanisa. Vidole vyote vilikuwa bado vinanyooka. Nikamwambia wazi, "Huu ukienda kama ule mwingine, hutafunga kitambaa, hutashika mwiko, hutajifunga hata sketi. Huu hatuupotezi." Akaitikia vizuri sana. Wagonjwa wote wanaitikia vizuri sana.

Daktari wa viungo alimwanzishia dawa ile ya kumeza mara moja kwa wiki. Kwa wiki, vijana, si kwa siku. Rudieni mpaka mgonjwa awachoke, kwa sababu mtu akiimeza kila siku inaweza kumuua. Wengi wa huku wamezoea kwamba dawa ni asubuhi na jioni, na msipowatafutia siku watajitafutia wenyewe. Mimi nilikuwa nawaambia, dawa hii ni ya siku ya soko. Hakuna mwanamke wa Tawa anayesahau siku ya soko. Na damu ipimwe, na aliye bado wa kuzaa aambiwe asishike mimba akiwa anaitumia, na aambiwe mapema, si akishapata.

Kazi yangu mimi ilikuwa splinti, ya kushikilia kifundo kisicheze. Nyinyi mna bahati. Mnaletewa karatasi ya plastiki, mnaitia kwenye maji moto, inalainika, mnaifinyanga mkononi. Mimi nilianza na plasta, nzito kama tofali, na ikinyeshewa imekwisha. Halafu Kasyoka akagundua mabomba ya maji ya plastiki. Tulikuwa tunakata kipande, tunakipasha moto nje mpaka kinalegea, nje nasema, maana moshi wake ni mbaya, kisha tunakikunja juu ya mkono uliofungwa taulo. Kilikuwa kibaya kuangalia na hakikufa. Karatasi za kisasa zilipokuja tukafurahi, tukasahau mabomba. Kitu ambacho wauzaji hawakutuambia ni kwamba plastiki inayolainika kwenye sufuria italainika pia juani. Mama mmoja wa Migwani aliosha splinti yake vizuri akaianika juu ya mabati. Alinirudishia sahani. Aliiweka mezani na kuniambia imekataa kumtosha.

Niliwaeleza yote hayo Nduku na Mutua. Msianike juani, msiweke karibu na moto. Usikamue nguo kwa kusokota; pitisha nguo nyuma ya nguzo na uvute kwa mikono yote. Sufuria ibebe kwa viganja. Mpini wa jembe na mwiko ufunge kwa tyubu ya baiskeli unenepe, mkono usiminye sana. Mahindi ya muthokoi usitwange tena kinuni, yapeleke kwa mashine yakakobolewe.

"Ya mashine haina taste," alisema Nduku.

"Afadhali isiwe na taste."

"Wageni je?"

"Wageni watakula."

Mutua alicheka kwa mara ya kwanza, halafu akaona uso wangu akaacha.

Nduku alirudi baada ya muda. Splinti ilikuwa mkononi, nyeupe vile nilivyoikata, haina hata mkwaruzo, inanuka sabuni na zile dawa za kufukuza nondo. Nikaitoa, nikabonyeza mfupa. Ulikuwa umepanda zaidi ya nilivyouacha.

"Mama Mumbua," nikasema, kwa kuwa Mumbua ni binti yake wa kwanza, "hii plastiki unaivaa wakati gani?"

"Si naivaa."

"Ukipika?"

"Aii, nikipika itashika masizi."

"Shambani?"

"Itachafuka, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba.

"Kanisani?"

"Church siwezi. Watasema najidai. Na tena utasalimia watu aje?"

"Sasa unaivaa wapi?"

"Nikikuja kliniki."

Sikumpigia kelele. Watu waliokuwa nje kwenye benchi wanasema nilipiga kelele, lakini wale walikuwa mbali.

Hilo la kanisani lilinikera kuliko yote, kwa hiyo Jumapili moja nikaenda kanisani kwake. Kama wewe si wa huku, nikueleze. Ibada ikiisha, mchungaji anatoka nje anasimama. Wa kwanza kutoka anamsalimia kwa mkono kisha anasimama kando yake. Wa pili anawasalimia hao wawili, naye anasimama. Mstari unazunguka uwanja mpaka kanisa lote liwe limesalimiana, kila mtu na kila mtu. Ni desturi nzuri, naipenda, inafanya watu wasiwekeane kinyongo. Lakini nilisimama nyuma ya Nduku nikaangalia mkono wake wa kulia ukipita katika vile viganja vya watu wa jembe, wanaominya na kutikisa juu na chini kwa upendo wa Bwana, na yeye akitabasamu, na jasho limesimama juu ya mdomo. Mkono ambao niliukataza kushika mwiko mwembamba.

Nikashindwa. Nikasogea mbele yake nikasema kwa sauti, "Mama Mumbua anaumwa mkono. Msalimieni kwa mdomo."

Mngedhani nimesaidia. Kwanza wakamhurumia. Halafu, kwa vile mtu wa huku hajui kumhurumia mtu bila kushika kitu, wakaushika wa kushoto. Ule mbovu! Wakaushika kwa mikono miwili, wakautikisa polepole na kwa muda mrefu, wakisema pole, pole sana, vai thina, hakuna shida, Mungu anaona. Mchungaji, mtu mwema kabisa, akasema Jumapili ijayo aitwe mbele aombewe. Nduku alinitazama kwa macho ambayo hata sasa nayaona.

"Umenitangaza," aliniambia tulipofika kwenye lango. "Sasa mimi ni mgonjwa wa kanisa."

Tarehe yake ya kliniki ikafika, hakuja. Ikafika nyingine, hakuja. Nilikuwa nikifikiria ile dawa imekwisha, na mfupa unasugua, na siku yoyote atasikia ta! na atamalizia kufunga kitambaa kwa meno. Nilikuwa na hasira naye, na mstari, na mchungaji, na hasira nyingine ilibaki sijui ni ya nani. Nilikuwa pia na huzuni, niseme ukweli. Nilimpenda yule mama.

Aliyekuja ni Mutua, peke yake, na ile kofia mkononi. Alichukua dawa za mke wake, kumbe hakuwa ameacha, alikuwa akitumia za akiba kila siku ya soko kama tulivyoagana. Nikashukuru kimoyomoyo. Kisha akabaki amesimama karibu na ukuta.

"Nataka ile kitu ingine," akasema.

"Kitu gani?"

"Ile plastiki. Ya shamba."

"Anayo tayari."

"Hiyo ni ya Jumapili." Aliniambia hivyo kama mtu anayemweleza mtoto. "Daktari, huyo mama ako na viatu vya church na viatu vya shamba. Ako na leso ya church na ya shamba. Hata kikombe, kuna ya wageni. Sasa wewe umempatia kitu moja, nyeupe, mzuri, unamwambia apike nayo. Hawezi. Hiyo itakaa kwa sanduku mpaka Yesu arudi."

Nikaenda stoo. Mwenye stoo akaniambia mgonjwa mmoja splinti moja, mpaka ya kwanza iharibike. Nikamwambia ya kwanza haiwezi kuharibika kwa sababu haivaliwi. Akasema basi hakuna shida. Nyinyi mtakutana na watu kama huyu maisha yenu yote ya kazi, msipoteze nguvu. Nilizunguka nyuma ya jengo, ambapo mafundi wa maji walikuwa wameacha vipande vya mabomba, nikaokota kimoja cha kijivu kilichochakaa, nikamtuma Mutua amlete mke wake kesho yake, akitaka asitake.

Alikuja amenuna. Hakunisalimia, nami nilikuwa na mikono nyuma kama kawaida, kwa hiyo hatukukosana zaidi. Nikawasha jiko nje, nikapasha bomba kama Kasyoka alivyonifundisha, nikalikunja kwenye mkono wake wa kulia, nikalisugua pembe kwa msasa, nikatia ndani kitambaa cha blanketi kuukuu, nikaweka mikanda ya tyubu. Akaliangalia kwa dharau. Akaligeuza.

"Hii ni mbaya," akasema.

"Mbaya kabisa."

"Hii naweza chunga mbuzi nayo."

"Ndiyo kazi yake."

Akatabasamu kidogo, halafu akakumbuka kwamba ameninunia. Alipokuwa anaondoka aliuliza kama anaweza kutwangia muthokoi nayo. Nikamwambia akithubutu nitakuja nimtangaze kanisani tena.

Tangu hapo nilikuwa natengeneza mbili kila nilipoweza, moja ya karatasi ya kisasa na moja ya bomba. Wenzangu wachanga walicheka. Wakaniambia siku hizi kuna rangi, mpe mgonjwa achague ya waridi. Mpeni ya waridi, sikatai, lakini mpeni na ile mbaya.

Nilistaafu kabla sijajua mambo ya Nduku yaliishaje, na hilo lilinikaa moyoni. Mtu hustaafu, wagonjwa hawastaafu. Ndipo mwaka huu, baada ya mvua, nikapita Tawa kumwona dada yangu, na Jumapili nikaenda kanisani kwa Nduku. Nilikaa nyuma. Ibada ikaisha, mchungaji akatoka, mstari ukaanza kuzunguka uwanja, na mimi nikaingia kwenye mstari. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu endapo ningeukuta mkono ule mtupu.

Nikasikia harufu ya moshi kabla sijamfikia. Alikuwa amevaa gauni zuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ustadi, na kwenye mkono wa kulia lile bomba la kijivu. Lilikuwa na masizi. Lilikuwa na udongo mwekundu kwenye mikunjo, na kitu kilichokauka pembeni ambacho nadhani ni mbaazi. Mkanda mmoja ulikuwa umebadilishwa na kamba ya katani. Watu waliofika kwake hawakushika mkono. Walimgusa bega, na wakaendelea, bila pole na bila maswali, vile mtu anavyompita mwenzake aliyeshika jembe. Yule mama aliyekuwa mbele yangu alimwambia tu, "Umetoka kupalilia nini leo?" na wakacheka wote.

Nikafika. Nikaweka mikono nyuma.

"Ile nyeupe iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko kwa sanduku. Hiyo church watasema najidai, hii ya shamba hakuna mtu anauliza."

"Ya nini sasa?"

"Ni mzuri sana, mwaitu. Siku utanialika kwako nitakuja nayo."

Ningeweza kumpiga. Badala yake nikamwambia, pale pale katikati ya kanisa lote, anyooshe vidole. Akainua mkono wake wa kulia na lile bomba chafu, akavinyoosha. Vyote vitano vilisimama. Nikalia mbele ya watu, na Nduku akanifuta machozi kwa mkono ule ule, akanipaka masizi shavuni.